Sikukuu hii tuwaoneshe watoto picha wanayoielewa

Mhariri,

Naomba nafasi katika ukurasa wako wa barua, na naomba radhi mapema kwa urefu.

Idi ikikaribia, huku Pemba vijana wa mitaa huchangishana ili kuwaonesha watoto picha usiku wa sikukuu mosi na sikukuu pili. Projekta huazimwa, spika hukodiwa, kitambaa cheupe hutafutiwa minazi miwili. Filamu yenyewe ndiyo hufikiriwa mwisho. Huchagua yule mwenye kompyuta, naye huchagua iliyovuma. Ikifika dakika ya ishirini watoto wameshageuka, wanachezea mchanga au wamerudi kwenye pembea na ubuyu, na waliobaki mbele wamelala. Wakubwa husema watoto wa siku hizi hawatulii. Kwa maoni yangu watoto hawana kosa. Wamewekewa kitu ambacho hakisemi nao.

Filamu za familia zilizotoka miaka hii miwili mitatu nyingi ni nzuri, lakini zimetengenezwa kwa mtoto aliyekaa kitini ndani ya ukumbi wa giza, anayeelewa kila neno. Mtoto wetu yuko kwenye jamvi, uwanjani, amempakata mdogo wake, na Kiingereza chake ni cha darasa la tatu. Basi kabla ya kuipanga filamu yoyote, ifanyie jaribio moja. Muwekee mtoto wa miaka sita au saba dakika kumi za mwanzo, sauti umeizima kabisa, kisha muulize: nani anataka nini, na nani anamzuia? Akikujibu, picha hiyo itasimama yenyewe uwanjani. Asipokujibu, inahitaji msimulizi, na kama msimulizi hamna, tafuta picha nyengine.

Kwa kipimo hicho hakuna inayoifikia Flow, ya mwaka 2024, ya Gints Zilbalodis wa Latvia. Haina hata neno moja. Paka anaishi peke yake, maji yanapanda, yanameza nyumba, yanameza miti, naye anaokolewa na chombo cha tanga kinachopita bila nahodha. Ndani yumo kapibara, mnyama wa jamii ya panya wa Amerika ya Kusini, mkubwa kama mbuzi. Baadaye wanaingia kima wa Bukini (Madagaska) mwenye mkia wa pete, anayekusanya vikorokoro kama mchuuzi, na mbwa, na ndege karani tamba, yule wa bara mwenye miguu mirefu. Huyo ndege ndiye anayeshika usukani. Hakuna mnyama anayesema maneno ya watu: paka ana tabia za paka na mbwa ana za mbwa. Sauti zimechukuliwa kwa wanyama wa kweli, ila ya kapibara ni ya ndama wa ngamia, maana ya kapibara mwenyewe ni nyembamba mno kwa mnyama mpole kama yule. Filamu ilitengenezwa kwa Blender, programu ambayo mtu yeyote anaipakua bure, na Machi 2025 ikachukua tuzo ya Oscar ya filamu ya katuni mbele ya Inside Out 2 na The Wild Robot zilizotoka kwenye makampuni makubwa ya Marekani.

Urefu wake ni dakika 85. Ukianza baada ya Isha, tuseme saa 2:00 usiku, saa 3:25 umemaliza na watoto bado wako macho.

Ina mambo ya kujihadhari nayo. Paka anazama zaidi ya mara moja, na mtoto wa miaka mitatu anaweza kulia. Karani tamba anapigwa na mwenzake hadi bawa linaumia. Kuna mahali ndege huyo anapaa kuelekea kwenye mwanga na filamu haitoi maelezo yoyote. Watoto watauliza, na sioni ubaya wa kuwajibu kuwa kila mtu aseme anavyofikiri. Tatizo kubwa zaidi ni la kiufundi. Kamera ya filamu ile haitulii, inamzunguka paka muda wote, na mtoto aliyekaa chini kabisa ya skrini atashikwa na kizunguzungu. Watoto nao hupenda kukaa hapo hapo. Tandaza kamba chini, umbali wa mara moja na nusu ya upana wa skrini: skrini ya mita 4, kamba mita 6, na jamvi la kwanza lianzie nyuma ya kamba.

Kama Flow mmeshaiona, zipo filamu mbili za kondoo Shaun, ya 2015 na Farmageddon ya 2019, zilizotengenezwa Uingereza kwa vikaragosi vinavyosogezwa kidogo kidogo na kupigwa picha moja moja. Kondoo hawasemi, na watu nao wananung'unika tu bila neno linaloshikika. Zina vichekesho vya kuanguka na kujificha ambavyo havihitaji mkalimani. Si mpya, lakini mtoto wa miaka mitano hajui hilo.

Sasa tuje kwenye zilizovuma.

Moana 2, ya Novemba 2024, inaingia Pemba kwa mlango wa bahari. Mtoto wa Tumbe au Kojani anaijua ngalawa kabla hajaijua baiskeli. Yetu ina ndubi mbili, zile mbao za pembeni zinazoizuia isipinduke, kushoto na kulia. Kule Pasifiki mitumbwi mingi ina ndubi upande mmoja tu, na tanga lao halikukatwa kama letu. Hapo watoto wa wavuvi watabishana wenyewe, na ubishi huo ni nusu ya raha ya picha. Moana, msichana baharia wa filamu hiyo, anaponyoosha mkono na kuipima nyota kwa vidole, mzee aliyewahi kufuata nyota za kilimia kwenda dago, kambi ya uvuvi, hahitaji kuelezwa. Kasoro yake ni hadithi. Kazi hii ilianzwa kama mfululizo wa televisheni kisha ikageuzwa filamu, na mshono unaonekana: mabaharia wapya wanaletwa mmoja mmoja kama watu wa sehemu ya kwanza ya tamthilia, halafu hawapewi kazi ya maana. Adui, Nalo, haonekani uso mpaka mwisho, majina ya watengenezaji yameshaanza kupita. Kwa hiyo mtoto anaona dhoruba, haoni aliyeituma. Msimulizi lazima alitaje jina la Nalo mapema na kulirudia, la sivyo safari yote ni mawimbi tu.

Mufasa, ya Desemba 2024, imenisikitisha, na nadhani Waswahili tuna haki ya kusikitika kuliko wengine. Tangu filamu ya kwanza, The Lion King ya 1994, majina yamechotwa kwetu: Simba, Rafiki, Sarabi, Pumbaa. Safari hii imeongezwa nchi ya ahadi iitwayo Milele, na Scar, yule simba mwovu wa filamu ya kwanza, tunaambiwa alizaliwa akiitwa Taka. Kwa sikio la Mswahili huyo ni mtoto wa mfalme aliyepewa jina la kinachotupwa jaani. Ile ya 1994 ilitiwa sauti kwa Kizulu, na Moana ya kwanza ilitiwa Kimaori. Sisi tulioazimwa maneno tunayasikia yakirudi kwa lafudhi ya Kimarekani.

Hata ukiliacha hilo, uwanjani Mufasa haionekani. Simba wametengenezwa wafanane na simba wa kweli, na simba wa kweli hana uso wa kucheka wala wa kununa. Mufasa na Taka wakisimama pamoja usiku, au kwenye milima ya theluji, projekta ya skuli inawageuza kuwa vivuli viwili vya kijivu, na mtoto hajui ni nani anayezungumza. Katikati ya hadithi wanaingia Timon na Pumbaa na mizaha ya Kiingereza inayokata uzi. Ni karibu saa mbili nzima. Ukilazimika kuionesha, ioneshe ndani ya ukumbi, na kwa watoto wa kuanzia darasa la tano.

The Wild Robot ya 2024 inastahili msimulizi mzuri. Roboti Roz anaanguka kisiwani, anaponda kiota cha mabata bukini kwa bahati mbaya, linabaki yai moja, naye anakilea kifaranga kinachotoka. Mtoto wa kulea, mama asiyemzaa, majirani wanaomcheka: hayo hayahitaji kufasiriwa mtaani kwetu. Sauti ya Roz ni ya Lupita Nyong'o, ambaye Kiswahili anakijua, na kila nikiisikia najiuliza ingekuwaje angepewa nafasi ya kuirudia kwa lugha hiyo. Tahadhari: vifo vimo, na mizaha juu ya vifo imo. Msimulizi asiitafsiri mizaha hiyo, aipite.

Inside Out 2, ya dakika 96, inachezwa ndani ya kichwa cha msichana wa miaka kumi na tatu, na ukiizima sauti haieleweki hata kwa mkubwa. Ila kwa watoto wa darasa la sita na kuendelea, ikisimuliwa, inapata uhai ambao Kiingereza hakina. Wahusika ni hisia: Furaha, Huzuni, Hasira, na wageni wanaokuja na ubaleghe, Wasiwasi, Wivu na Haya. Mtoto aliyesoma chuo cha Kurani anaujua wasiwasi kuwa ni kitu kinachokunong'oneza kifuani. Hahitaji kuelezwa kwa nini yule wa rangi ya chungwa ameshika usukani na hataki kuuachia.

Wicked ni dakika 160 na ni nusu ya hadithi tu. Nusu ya pili ilitoka Novemba 2025. Sioni kwa nini iletwe uwanjani.

Halafu kuna filamu ambazo wenyewe wanaziita za sikukuu, yaani za Krismasi. Sina neno na sikukuu ya mtu. Tatizo ni kwamba zinamtegemea mtazamaji ambaye tayari anajua yule mzee mwenye ndevu ni nani, kwa nini anashuka kwa dohani, kwa nini kuna orodha ya watoto watiifu na watundu, na theluji maana yake nini. Ukiyaondoa hayo, kinachobaki ni watu wazima wanakimbizana. Red One ya 2024 ni mfano: ni zaidi ya saa mbili, ina mapigano mengi, na hata kwao Marekani wazazi wanatahadharishwa kwa watoto walio chini ya miaka 13. Mtu akiona neno sikukuu kwenye tangazo asidhani ni picha ya watoto.

Nimetaja msimulizi mara kadhaa. Kazi hiyo ina ufundi wake, na wengi wanaoshika maiki huifanya kama kutangaza mpira. Msimulizi aitazame filamu mara mbili, na mara ya pili awe na daftari. Aandike yale tu ambayo macho hayayaoni: jina, siri, sababu, ahadi. Mtoto anaona kuwa paka ameanguka majini, hana haja ya kuambiwa. Sauti ya filamu ishushwe hadi nusu, isizimwe, na nyimbo ziachwe zipite. Akae ubavuni, nyuma ya mstari wa spika. Akikaa mbele yake maiki itapiga mluzi usiku kucha. Na aanze kwa paukwa. Watoto wakishajibu pakawa wako mikononi mwake.

Wapo wanaopendelea maandishi chini ya picha. Yanafaa kwa wanaosoma vizuri tu, na Kiswahili kina maneno marefu. Chukua sentensi "Nimekuwa nikikutafuta kila mahali tangu asubuhi". Ni herufi 47 ukihesabu na nafasi, na kwa mwendo wa herufi 12 kwa sekunde mtoto anahitaji karibu sekunde nne kuimaliza. Mwigizaji ameitamka kwa mbili. Andika "Nakutafuta tangu asubuhi", herufi 24, sekunde mbili, na hakuna kilichopotea. Anayetafsiri neno kwa neno anamkimbiza mtoto chini ya skrini, picha inampita juu.

Sauti ndiyo inayoharibu maonesho mengi kuliko kitu chochote, na kosa ni lile lile. Muziki unanguruma, milango inagongwa, lakini wahusika wakisema hawasikiki. Vijana wanaongeza sauti, muziki unazidi, wazee majumbani wanalalamika. Spika hazina kosa. Filamu nyingi zina njia sita za sauti, na mazungumzo yamewekwa kwenye njia ya kati. Ukiwa na spika mbili tu na kompyuta haikuambiwa hivyo, ile njia ya kati inapotea. Ingia kwenye mipangilio ya sauti ya programu unayochezea, uchague stereo, ili njia zote zichanganywe ziwe mbili. Fanya hivyo mchana, na usikilize mazungumzo ukiwa umesimama jamvi la mwisho. Spika ziinuliwe juu ya vichwa vya watu. Zikiwekwa chini, safu ya kwanza ya watoto inameza sauti yote.

Skrini. Shuka la kitanda hupitisha mwanga, nusu ya picha inaenda kwa watu wa nyuma. Ukuta uliopakwa rangi nyeupe isiyong'aa ni bora kuliko vitambaa vyote. Kama hapana ukuta, tumia turubali jeupe lenye mgongo mweusi. Kwa skrini ya mita 4 kwa 2.25, projekta ya lumeni 2,000 hadi 3,000 inatosha gizani, mradi ziwe lumeni za ANSI, kipimo halisi cha mwanga. Ile ya bei rahisi iliyoandikwa 9,000 kwenye boksi haitafika hata robo. Mbalamwezi ya mfunguo tatu, mwezi wa Idi ya kuchinja, haiharibu picha kama watu wanavyodhani. Taa moja ya barabarani karibu na skrini inaharibu.

Na msisahau kuwa kitambaa kile ni tanga. Idi ya mfunguo tatu kwa miaka hii inaangukia Mei na Juni, kusi limeshaanza. Upepo wa mita 10 kwa sekunde unaisukuma skrini hiyo ya mita 4 kwa nguvu ya uzito wa kilo 60 hivi, na nguzo zilizochomekwa mchangani kwa futi moja zitalala juu ya watoto. Funga kwenye miti hai au kwenye nguzo zenye kamba za kuvutia nyuma na mbele. Pembe za chini zifungwe kwa fundo la kufunguka kwa mkono mmoja, na akae mtu hapo ambaye kazi yake ni hiyo tu. Upepo ukizidi, anaachia chini, kama baharia anavyoachia demani, kamba ya tanga.

Umeme ukikatika, projekta ya taa inabaki na joto ndani na feni imesimama. Hivyo ndivyo taa zinavyokufa. Tafuteni kifaa cha betri cha kuihifadhi dakika kumi. Jenereta iwekwe mbali, mita 30, upande unaokwenda upepo.

Jambo la ruhusa husemwa kwa haraka, nami nitalisema kwa haraka: Baraza la Sanaa, Sensa, Filamu na Utamaduni lipo na linahusika na maonesho ya hadharani, na kununua diski au kulipia filamu mtandaoni hakukupi haki ya kuionesha uwanjani. Mwandikieni mwenye filamu au msambazaji wake mapema, mkieleza idadi ya watoto na kwamba hakuna kiingilio. Barua moja ya kiungwana haigharimu kitu.

Nina ombi kwa watengenezaji wa Unguja na Pemba. Vuta N'Kuvute ya 2021 imefika Toronto ikiwa na Kiswahili chetu cha mjini, lakini ile ni ya watu wazima. Ya watoto wa sikukuu bado naisubiri. Dakika ishirini zinatosha: watoto watatu, asubuhi ya mfunguo mosi, wanazunguka kukusanya mkono wa Idi, mmoja anaangusha pesa zake. Haihitaji theluji wala simba, wala maneno mengi.

Kwa sasa, kila kijiji kinapojisimulia upya filamu ile ile ni kazi ya bure. Aliyekwisha kuandika usimulizi wa Moana 2 au The Wild Robot asilitupe daftari baada ya sikukuu pili. Alipige picha kwa simu, ukurasa kwa ukurasa, pamoja na dakika alizoziandika pembeni, awapelekee wa kijiji cha pili.

Wako,
Mpenda picha,
Wete, Pemba